Wawindaji na Wakusanyaji Katika Dunia ya Leo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yaliyo hapa chini hujirudia kila mazungumzo yanapogusa wahenga wetu, chakula chao, usingizi wao na jinsi walivyoishi pamoja. Nimeanza na ya msingi, nikamalizia na yale magumu. Jibu likitegemea jingine, utaelekezwa kwa namba. Msimamo wangu nautaja mapema: elimu ya maisha ya wahenga ina faida kubwa ikikusaidia kupanga upya mazingira yako, na inaumiza watu ikigeuzwa kuwa amri ya jinsi kila mtu anavyopaswa kuishi.

## Misingi

1. Saikolojia ya mageuzi ni nini?

Ni tawi la saikolojia linalouliza kwa nini binadamu ana hofu, hamu, wivu na mapenzi ya mzazi kwa mtoto, na tabia hizo ziliwasaidia nini wahenga wetu hadi zikadumu. Aliyeshtuka haraka mbele ya nyoka alikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kubaki hai, kuzaa na kurithisha wepesi huo wa kushtuka. Jambo hilo likijirudia kwa maelfu ya vizazi, linakuwa sehemu ya kiumbe.

Jaribio la Susan Mineka na Michael Cook la miaka ya 1980 linaeleza vizuri. Walichukua tumbili wa aina ya rhesus waliolelewa maabara, ambao hawakuwahi kukutana na nyoka wala hawakumwogopa. Wakawaonyesha video ya tumbili mwenzao akihangaika kwa hofu mbele ya nyoka, nao wakajifunza kuogopa. Kisha video ikahaririwa ili ionekane tumbili yule anaogopa maua. Hofu ya maua haikushika. Tumbili hawa hawakuzaliwa na hofu iliyokamilika. Walizaliwa wakiwa tayari kujifunza hofu fulani kwa wepesi kuliko nyingine. Sehemu kubwa ya yanayosemwa katika taaluma hii yakichunguzwa vizuri yanafanana na hilo: utayari wa kujifunza, unaosubiri mazingira yauamshe.

2. Wawindaji na wakusanyaji ni akina nani?

Ni watu wanaojipatia chakula kwa kuwinda, kuvua samaki, kuchimba mizizi, kuchuma matunda na kulina asali, bila kutegemea kilimo wala mifugo. Hadi miaka 12,000 hivi iliyopita, binadamu wote waliishi hivyo. Mifupa ya zamani zaidi inayohusishwa na spishi yetu, iliyopatikana Jebel Irhoud nchini Moroko, inakadiriwa kuwa na umri wa miaka 300,000 hivi. Ukipiga hesabu, kilimo hakijafika hata asilimia 5 ya historia yetu.

Leo jamii za namna hiyo zimebaki chache: Wahadzabe wa kandokando ya Ziwa Eyasi kaskazini mwa Tanzania, watu wa Ju/'hoansi wa Kalahari, Waaka wa misitu ya Afrika ya Kati, Waagta wa Ufilipino na nyingine kadhaa. Wengi wao sasa huchanganya pori na kilimo, vibarua au biashara. Wahadzabe wako zaidi kidogo ya elfu moja, na ni mia chache tu wanaopata chakula chao kingi porini.

3. Wataalamu wa mageuzi husema "kutolingana". Kati ya nini na nini?

Kati ya mazingira yaliyotuunda na mazingira tunamoishi.

Chukua asali. Mhadzabe anayeitafuta huweza kumfuata ndege mdogo anayelia na kuruka mti hadi mti akielekea kwenye mzinga. Wakifika, mlinaji huchonga vigingi vya mti, huvigongomea kwenye shina la mbuyu kimoja baada ya kingine na kupanda juu yake, mwenge wa moshi ukiwa mkononi, kisha huingiza mkono ndani ya shimo huku nyuki wakimuuma. Kupata utamu kuligharimu nguvu, muda na hatari, kwa hiyo aliyekuwa na hamu kubwa na asiyekinai haraka hakupata hasara. Leo hamu ni ileile. Iliyotoweka ni gharama.

Mwanasayansi Niko Tinbergen, aliyeshiriki Tuzo ya Nobel mwaka 1973, alionyesha upande mwingine wa jambo hili. Makinda ya shakwe hudonoa doa jekundu lililo kwenye mdomo wa mzazi ili walishwe. Walipopewa kijiti chembamba chekundu chenye mistari myeupe, walikidonoa kwa bidii kuliko mfano wa kichwa cha mzazi. Kitu bandia kilichokuza ile alama kiliushinda mvuto wa kitu halisi. Vitafunwa vya viwandani, ponografia na video fupi zisizo na mwisho kwenye simu hufanya kazi kwa njia hiyohiyo, na nyuma yake kuna watu wanaolipwa kuukuza mvuto huo kila siku. Ukijua hivyo, unaacha kujiita dhaifu na kuanza kuuliza ni nani aliyeweka kijiti chekundu mbele yako.

4. Kwa hiyo kila kilicho cha asili ni bora?

Hapana, na hili ndilo kosa linalowaponza wengi. Michael Gurven na Hillard Kaplan walichapisha mwaka 2007 uchambuzi wa vifo katika jamii za wawindaji. Kwa wastani, watoto wapatao 57 tu kati ya 100 walifikia umri wa miaka 15. Waliovuka hapo waliweza kuishi muda mrefu, na umri wa kawaida wa mtu mzima kufa ulikuwa miaka 70 na kidogo. Kwa hiyo si kweli kwamba kila mtu alikufa akiwa na miaka 30, na pia si kweli kwamba maisha yale yalikuwa ya afya tele. Maambukizi na ajali viliwamaliza watoto.

Chanjo, maji safi, sabuni na upasuaji wa uzazi pia vinatutofautisha na wahenga, nasi tunapaswa kuvishukuru. Anayekushauri uache chanjo kwa sababu watu wa kale hawakuchanjwa hakuambii habari za makaburi ya watoto wao.

## Chakula

5. Wahenga wetu walikula nyama tu?

Hakukuwa na mlo mmoja wa kale. Wahadzabe hula matunda pori, ubuyu, mizizi, asali na nyama, na sehemu ya kila kimoja hubadilika kwa majira. Wainuiti wa Aktiki waliishi kwa samaki na wanyama wa baharini. Katika pango la Border, Afrika Kusini, yalikutwa mashina ya chini ya ardhi yenye wanga, yaliyoungua motoni miaka 170,000 hivi iliyopita. Huko Shubayqa, Jordan, watafiti walikuta makombo ya mkate wa miaka 14,400 hivi iliyopita, yaani kabla ya kilimo cha nafaka kuanza.

Hata meno mabovu hayakusubiri kilimo. Katika pango la Taforalt, Moroko, wawindaji wa zaidi ya miaka 13,000 iliyopita walikuwa na meno yaliyooza kwa wingi, na watafiti wanahusisha jambo hilo na vyakula vya wanga walivyovikusanya. Anayekuuzia mlo wa nyama tupu kwa jina la wahenga anauza mawazo yake mwenyewe.

Yapo hata hivyo mambo ambayo milo hiyo mingi tofauti ilikuwa nayo kwa pamoja: nyuzinyuzi nyingi pale mimea ilipokuwepo, chumvi kidogo, sukari iliyosafishwa hakuna kabisa, na aina nyingi za vyakula kwa mwaka mzima. Ukitaka kuiga, iga hapo.

6. Niache nafaka, kunde na maziwa?

Si kwa sababu ya mageuzi. Hoja ya kuviacha hudhani kwamba miili yetu iliacha kubadilika miaka 12,000 iliyopita. Haikuacha. Uwezo wa mtu mzima kumeng'enya sukari ya maziwa ulijitokeza zaidi ya mara moja, kwa mabadiliko tofauti ya jeni, kwa wafugaji wa Ulaya na kwa wafugaji wa Afrika Mashariki. Idadi ya nakala za jeni inayotengeneza kimeng'enya cha wanga kwenye mate nayo hutofautiana: jamii zilizozoea wanga kwa muda mrefu zina nakala nyingi zaidi, na Wahadzabe wamo miongoni mwao kwa sababu ya mizizi.

Maziwa yakikuvuruga tumbo, yaache. Ukiwa na ugonjwa wa siliaki, yaani utumbo unaodhurika kwa protini ya ngano, ngano haikufai. Tumbo lako na daktari wako ni mashahidi wazuri kuliko kalenda ya akiolojia.

7. Kuna ushahidi kwamba kurudi kwenye maisha ya pori kunaponya ugonjwa wowote?

Utafiti unaotajwa sana ni wa Kerin O'Dea wa mwaka 1984. Wenyeji wa asili wa Australia kumi wenye kisukari cha aina ya pili, waliokuwa wakiishi maisha ya mjini, walirudi kwenye ardhi ya jadi yao kaskazini-magharibi mwa nchi hiyo kwa wiki 7. Waliwinda kanguru, walivua samaki, walichimba viazi pori na kulina asali. Walipunguza kilo 8 kwa wastani, na sukari yao ya asubuhi kabla ya kula ilishuka kutoka milimoli 11.6 hadi 6.6 kwa lita.

Matokeo hayo hunigusa kila niyasomapo. Lakini lazima yasomwe kwa uangalifu. Walikuwa watu kumi tu, na hakukuwa na kundi la kulinganisha. Chakula kilipungua, mwendo uliongezeka na pombe ilikosekana, yote kwa wakati mmoja, hivyo huwezi kusema ni kipi kilichofanya kazi. Na walirudi kwao, kwenye ardhi wanayoijua, pamoja na ndugu zao. Sidhani kwamba hilo lilikuwa jambo dogo.

Ukitumia dawa za kisukari au za shinikizo la damu, usiziache wala usipunguze dozi kwa sababu umebadili mlo. Sukari inaweza kushuka ghafla ukiwa bado kwenye dawa. Mwambie daktari kwanza.

## Mwili

8. Nifanye mazoezi kiasi gani?

Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walipima nishati wanayotumia Wahadzabe kwa njia sahihi kuliko zote: mtu hunywa maji yenye atomi maalumu, kisha mkojo wake hupimwa kwa siku kadhaa. Ukizingatia ukubwa wa mwili, Wahadzabe wanaotembea kutwa nzima walitumia nishati sawa na watu wa Marekani na Ulaya wanaokaa ofisini. Inaelekea mwili unaozoea shughuli nyingi hubana matumizi sehemu nyingine. Kwa hiyo usitegemee kukimbia kukuondolee kilo zilizoletwa na sahani.

Faida za mwendo ziko kwingine. Wahadzabe hupata zaidi ya saa 2 kwa siku za shughuli za wastani au nzito, na shinikizo la juu la damu ni adimu kwao hata uzeeni. Shughuli hizo ni kutembea kwa haraka, kuchimba ardhi ngumu, kubeba kuni, maji na watoto.

Watu hawa pia hupumzika sana. David Raichlen na wenzake walieleza mwaka 2020 kwamba hukaa bila shughuli karibu saa 10 kwa siku, sawa na sisi. Tofauti ni namna ya kukaa: mara nyingi huchuchumaa au kupiga magoti, na misuli ya miguu hubaki ikifanya kazi kidogo. Kiti chenye mgongo na mikono huizima karibu yote. Kwa hiyo anza na mambo mawili, kutembea kila siku hadi upumue kwa nguvu, na kukaa chini ya kimo cha kiti mara kwa mara ukiwa nyumbani. Magoti yakiuma, kiti kifupi kinatosha.

9. Wahenga walilala jua likizama?

Inaonekana hapana. Mwaka 2015 kundi la Jerome Siegel lilichapisha vipimo vya usingizi wa Wahadzabe, Wasani wa Kalahari na Watsimane wa Bolivia (hawa wa mwisho hulima pia). Walilala saa 5.7 hadi 7.1 kwa usiku, na walianza kusinzia zaidi ya saa 3 baada ya jua kuzama. Malalamiko ya kukosa usingizi yalikuwa machache mno. Kilichofanana katika jamii zote tatu ni kulala joto la usiku linapoendelea kushuka, kuamka muda uleule, na kupata mwanga mwingi wa asubuhi.

Usichukue saa 6 kuwa lengo. Ukihitaji 8, lala 8. Cha kuiga ni mpangilio: chumba chenye ubaridi, muda wa kuamka usiobadilika, na kutoka nje mapema.

Kwa wanaoshtuka katikati ya usiku na kuogopa kwamba wameharibikiwa: David Samson na wenzake waliwafuatilia Wahadzabe wazima 33 kwa siku 20. Katika kipindi chote hicho, dakika ambazo wote walikuwa wamelala kwa pamoja zilifika 18 tu. Karibu wakati wote kulikuwa na mtu macho. Vijana hukesha na wazee huamka mapema, na inawezekana tofauti hiyo iliilinda kambi.

10. Nitembee peku?

Ukipenda, na taratibu. Daniel Lieberman alionyesha mwaka 2010 kwamba waliozoea kukimbia peku hutua kwa mbele au katikati ya unyayo, na mshtuko wa kutua hupungua. Aliyevaa viatu vya kisigino kinene maisha yake yote akigeuka ghafla huumiza kano na mifupa ya mguu. Mwenye kisukari asitembee peku kabisa, kwa sababu kidonda asichokihisi kinaweza kumgharimu mguu.

11. Nafanya kazi zamu za usiku. Yote haya yananisaidia nini?

Zamu ya usiku ni kutolingana kwa wazi kabisa, na hakuna ujanja wa kukumalizia tatizo lote. Punguza madhara: omba zamu zisizobadilika kila wiki, vaa miwani myeusi ukirudi asubuhi, tia giza chumba chako, na usile mlo mkubwa saa za usiku wa manane. Mwajiri ndiye mwenye uwezo mkubwa hapa kuliko wewe, na ni haki kumdai ratiba ya kibinadamu.

## Akili na watu

12. Kwa nini nina wasiwasi hata pasipo hatari?

Daktari wa akili Randolph Nesse hufananisha wasiwasi na kitambua moshi. Kifaa hicho kikilia kwa sababu ya chapati iliyoungua, unapata usumbufu. Kikinyamaza nyumba ikiwaka, unakufa. Ndiyo maana hutengenezwa kilie kupita kiasi. Aliyekimbia mara mia kwa kelele za upepo alipoteza jasho tu, na asiyekimbia mara moja palipokuwa na simba hakuacha wazao.

Maelezo haya yanatuliza, lakini si tiba. Wasiwasi unaokuzuia kulala, kula au kufanya kazi kwa wiki kadhaa unahitaji mtaalamu, kama ilivyo kwa huzuni isiyokwisha. Habari njema ni kwamba hofu iliyojifunzwa hupungua mtu akikutana na anachokiogopa kidogokidogo na kwa usalama, na tiba ya namna hiyo ina ushahidi mzuri.

13. Ni kweli binadamu anaweza kuwa na marafiki 150 tu?

Namba hiyo ni ya Robin Dunbar, aliyeikadiria miaka ya 1990 kutokana na ukubwa wa ubongo wa nyani na wa binadamu. Mwaka 2021 watafiti wa Stockholm walirudia hesabu na kupata makadirio yaliyotawanyika mno kiasi cha kutoweza kutaja namba moja. Ichukue kama dokezo: nguvu za kujali watu zina kikomo.

Ninaona jambo jingine kuwa la maana zaidi. Kim Hill na wenzake walichunguza jamii 32 za wawindaji mwaka 2011, wakakuta kwamba wengi wa wanaoishi kambi moja si ndugu wa karibu. Watu huhama, hujiunga na kambi nyingine, hurudi. Kwa hiyo anayeishi mbali na ukoo wake hajakosa njia ya kuishi kibinadamu. Kujenga ujamaa na wasio ndugu ni desturi ya kale.

14. Walifanya kazi saa chache kuliko sisi?

Inategemea unahesabu nini. Richard Lee, aliyeishi na Ju/'hoansi miaka ya 1960, alikadiria saa zisizofika 20 kwa wiki za kutafuta chakula. Takwimu hiyo ikaenea kote. Baadaye yeye mwenyewe alijumlisha kutengeneza zana, kupika na kazi za kambi, na jumla ikafika saa 40 na kidogo. Lakini na sisi tukiongeza kupika, kufua na kusafiri kwenda kazini, tunazipita hizo mbali.

15. Jambo gani moja ungetaka tuige kutoka kwao?

Jinsi wanavyokatana makali ya majivuno, na jinsi wanavyogawana.

Mwindaji wa Ju/'hoansi akiua mnyama mkubwa haingii kambini akijigamba. Hukaa kimya mpaka mtu amuulize ameona nini, naye hujibu kwamba hakuona kitu cha maana. Kesho yake wenzake wakienda kubeba nyama humlalamikia: kumbe umetuchosha kwa ajili ya mifupa hii? Kila mtu anajua nyama ni nono. Wazee walimweleza Lee sababu waziwazi: kijana anayeua nyama nyingi huanza kujiona mkubwa na wengine kuwa watumishi wake, nao hawakubali hilo. Tena mwenye nyama kwa desturi ni mwenye mshale, na mshale unaweza kuwa wa bibi kizee aliyebaki kambini. Sifa husambaa pamoja na nyama.

Sasa tazama mitandao ya kijamii. Hamu ya kuheshimiwa ni ileile, lakini hakuna anayetuambia kwa upendo kwamba nyama yetu ni mifupa. Mtu hujilinganisha na warembo na matajiri wa dunia nzima badala ya watu 30 anaowajua kwa udhaifu wao. Matokeo yake ni fedheha ya kudumu kwa watu ambao hawana kosa lolote. Ningeshauri uwe na kundi dogo la watu mnaotaniana, mnaokopeshana na mnaoonana ana kwa ana kila wiki, na uiweke simu chumba kingine wakati huo.

Na zungumzeni usiku. Polly Wiessner alichambua mazungumzo ya Ju/'hoansi mwaka 2014. Mchana yalitawaliwa na shughuli na malalamiko juu ya watu. Usiku kando ya moto, asilimia 81 yalikuwa hadithi. Mtu akizima taa kubwa na kukaa na wenzake bila kioo cha simu, ataona maneno yakigeuka yenyewe.

16. Kuhusu malezi, kuna la kujifunza?

Kubwa ni kwamba mama hakuwahi kulea peke yake. Barry Hewlett alikuta kwamba baba wa Kiaka huwa amembeba mtoto wake mchanga, au yuko karibu kiasi cha kumfikia kwa mkono, karibu nusu ya siku nzima. Kristen Hawkes, akiwatazama bibi za Kihadzabe wakichimba mizizi kwa ajili ya wajukuu, alijenga hoja kwamba kazi yao ndiyo iliyofanya wanawake waishi miaka mingi baada ya kuacha kuzaa. Mama wa leo aliyefungiwa na mtoto ndani ya kuta nne hajashindwa kazi. Amepewa kazi ya watu watano. Msaidieni.

Pia mtoto anahitaji mwanga wa nje. Jaribio lililofanywa Guangzhou, China, na kuchapishwa 2015 liliongeza dakika 40 za shughuli za nje kwa siku shuleni. Baada ya miaka 3, watoto waliopata tatizo la kutoona mbali walikuwa asilimia 30 hivi, dhidi ya karibu 40 kwa wenzao.

## Yenye ubishi

17. Mwanaume aliumbwa kuwinda na kuwa na wanawake wengi, sivyo?

Swali hili huulizwa na watu wanaotafuta ruhusa, na ruhusa hapa haipo. Ni kweli kwamba katika jamii nyingi zinazojulikana wanaume ndio wanaowinda zaidi wanyama wakubwa. Lakini watafiti waliwakuta wanawake wa Kiagta wakiwinda, na huko Wilamaya Patjxa, Peru, alipatikana mwanamke wa miaka 9,000 hivi iliyopita aliyezikwa na zana za kuwindia. Mizizi iliyochimbwa na wanawake ndiyo iliyowalisha watu siku ambazo mishale ilikosa.

David Buss aliuliza watu wa tamaduni 37 wanataka mwenzi wa namna gani, akachapisha majibu mwaka 1989. Tofauti za jinsia zilikuwepo, na ndizo zinazotangazwa. Kinachosahauliwa ni kwamba wema na akili vilipewa nafasi ya juu na wanaume na wanawake pia. Zaidi ya hapo, kueleza chanzo cha tamaa si kuihalalisha. Hasira nayo ina historia ndefu, na bado mtu akipiga mwenzake anashtakiwa.

18. Hii ni sayansi, au ni hadithi za kubuni?

Kuna vyote viwili. Stephen Jay Gould na Richard Lewontin walionya mwaka 1979 kwamba ni rahisi kubuni faida ya kila sifa ya kiumbe, ilhali sifa nyingine ni matokeo ya pembeni tu. Mwaka 2010 Joseph Henrich na wenzake walionyesha kwamba saikolojia kwa jumla imejengwa juu ya watu wa jamii tajiri za Magharibi, hasa wanafunzi wa vyuo, kisha ikadai kueleza binadamu wote.

Ukisoma dai jipya, uliza: lilitabiri jambo ambalo lingeweza kukanushwa? Limepimwa katika tamaduni kadhaa? Lina maelezo mbadala ya kawaida, kama malezi au umaskini? Jaribio la tumbili katika swali la 1 linapita mtihani huu. Makala nyingi zinazoeleza kwa nini mume wako hasikilizi hazipiti.

19. Ni haki kuwatumia Wahadzabe kama picha ya zamani zetu?

Ni haki kujifunza kutoka kwao, na ni kosa kuwaona kama masalia. Wahadzabe ni watu wa leo. Wana historia ndefu kama ya mwingine yeyote, wanafanya biashara na majirani, wanazungumza Kiswahili pamoja na lugha yao, na watoto wao wengi wamepita shuleni. Wanaishi pia kwenye ardhi kame ambayo wengine hawakuigombea mapema, wakati wawindaji wa kale walikuwa na mabonde yenye rutuba na pwani zenye samaki. Kwa hiyo mtu anayesema "wahenga wetu walifanya hivi" kwa kutazama kambi moja ya Eyasi amerukia mbali.

Huku sisi tukijadili usingizi na mlo wao, wao wamekuwa wakipoteza malisho ya wanyama wanaowawinda na mibuyu yenye asali kwa mashamba na mifugo ya wengine. Mwaka 2011 Wahadzabe wa Bonde la Yaeda walipewa hati ya haki miliki ya kimila juu ya sehemu ya ardhi yao. Anayefaidika na elimu iliyotoka kwao, awe mtafiti, mwandishi au mtalii, anadaiwa kwanza kuiheshimu hati hiyo, kuomba ruhusa kabla ya kupiga picha, na kuwalipa wenyewe.